Kabla ya kuchimba tena, tuonyesheni kwanza maji yanapopita

Saa nane ya usiku, katika kartie nyingi za Uvira, Bukavu na Goma, kuna watu ambao hawalali. Si askari wa zamu wala si walevi. Ni mama na binti yake wanaosikiliza robine. Wameiacha wazi tangu jioni na kuweka bidoni chini yake. Sauti ya kwanza wanayoingojea si ya maji, ni ya hewa: robine inakohoa, inapiga mluzi, kisha inatema maji yenye rangi ya chai. Wanajaza bidoni tano, sita, mpaka inanyamaza tena. Asubuhi jirani wa chini, mita 200 tu kutoka pale, anasema kwake maji yalitoka usiku kucha. Yule wa juu anasema hajaona hata tone tangu juma lililopita.

Kwa nini huyu anapata na yule anakosa, na wote wawili wanaletewa fakturi? Tumezoea kujibu kwa siasa. Tunasema wamefunga maji yetu ili wampe mkubwa fulani, au fundi amekula kitu kidogo. Kuna siku hiyo ni kweli. Lakini mara nyingi zaidi jibu ni hesabu: kimo cha nyumba, upana wa tiyo, urefu wake, na idadi ya watu waliojiunganisha kabla ya wewe. Hesabu hiyo inaweza kufanywa kabla tiyo haijawekwa chini ya udongo. Tangu miaka zaidi ya 30 kuna programu za kompyuta zinazoifanya, na zile zinazotumiwa zaidi duniani ni za bure kabisa. Miji yetu imechimbwa na kuchimbwa tena, na wakaaji hawajawahi kuonyeshwa hesabu hiyo. Gazeti hili linaona wakati umefika wa kuidai.

Tueleze kwanza kitu chenyewe, kwa sababu neno "programu" linawafanya wengi wafikiri ni mambo ya wazungu na ofisi zenye viyoyozi. Mtandao wa maji wa mji unachorwa kwenye kompyuta kama wavu. Kila mahali tiyo zinapokutana, au watu wanapochota, panawekwa kituo, na kila kituo kinapewa kimo chake juu ya usawa wa bahari na kiasi cha maji ambacho watu wa pale wanahitaji kwa saa. Kati ya kituo na kituo inachorwa tiyo, na urefu wake, upana wake wa ndani, na hali ya ukuta wake, kama ni laini au umeota kutu. Kisha yanawekwa matanki, pompi na zile vane za kufungia. Programu inatafuta jibu moja linalotimiza masharti mawili: maji yanayoingia katika kituo lazima yawe sawa na yanayotoka, na nguvu ya kusukuma maji, presio kama mafundi wetu wanavyosema, lazima ikubaliane yenyewe kwa yenyewe hata ukizunguka wavu kwa njia gani. Basi. Mwaka 1936 enjenia Mmarekani Hardy Cross alitoa njia ya kuifanya kazi hiyo kwa kalamu na karatasi, kwa kurudia hesabu mara nyingi mpaka makosa yaishe. Leo laptopu ya zamani inaimaliza kwa muda mfupi kuliko ule wa kufungua robine.

Programu inayojulikana zaidi inaitwa EPANET. Shirika la serikali ya Marekani linalolinda mazingira, EPA, liliitoa mwaka 1993, na kwa kuwa ni mali ya umma haina leseni ya kulipia. Toleo la pili lilitoka mwaka 2000, na lipo pia katika Kifaransa. Faili lake ni maandishi ya kawaida, unaweza kulibeba kwenye simu au kwenye fungo la USB. Programu nyingine za bei ghali zimejengwa juu ya hesabu hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba mji wetu hauna modeli ya maji kwa sababu ya ukosefu wa fedha za kununua programu, mjibu kwa heshima kwamba hajauliza.

Sasa tuone mfano, kwa sababu bila namba tutakuwa tunahubiri. Chukua tiyo ya plastiki iliyo mpya, urefu wake kilomita 1, inayopaswa kupitisha lita 10 kwa sekunde kupeleka kartie moja ya juu. Ukiweka tiyo yenye upana wa ndani wa milimita 100, maji yatapoteza njiani nguvu inayolingana na kupanda kimo cha mita 16 na nusu hivi. Ukiweka ya milimita 150, yatapoteza mita 2 na kidogo tu. Tofauti ni mita 14, yaani zaidi ya ghorofa nne. Kwa nyumba iliyo kwenye mlima, mita hizo 14 zinaamua kama mama atachota nyumbani au atashuka mtoni. Na ukipunguza upana wa tiyo kwa nusu, hasara hiyo haiongezeki mara mbili kama wengi wanavyodhani. Inaongezeka karibu mara 29.

Ndiyo maana tunashtuka kila tunapoona zile tiyo nyembamba zinazojipanga kama nywele ndani ya kaniveo, kila familia na ya kwake, zikitoka kwenye tiyo kubwa na kutembea mita 300 au 400 hadi nyumbani. Kila mmoja alilipa fundi wake, kila mmoja aliahidiwa maji. Fedha zote zilizotumika kwa nywele hizo zingetosha labda kununua tiyo moja nene ya kartie nzima. Lakini hakuna aliyekaa chini kufanya jumla.

Wengine watasema: haya ni mambo ya mafundi, gazeti linaingiaje? Linaingia kwa sababu ya kolera.

Uvira ni mji ambao dunia ya sayansi inaujua kwa jambo hili kuliko sisi wenyewe tunavyoujua. Watafiti wa chuo cha afya na magonjwa ya tropiki cha London walilinganisha orodha mbili: kiasi cha maji kilichotoka kila siku kwenye kiwanda cha maji cha Uvira, na idadi ya watu walioingizwa katika kituo cha matibabu ya kolera cha mji huo, kuanzia mwaka 2009 hadi 2014. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kila baada ya siku isiyo na maji katika robine, idadi ya wanaodhaniwa kuwa na kolera iliongezeka kwa 155% katika siku 12 zilizofuata, ikilinganishwa na siku ambazo kiwanda kilitoa maji vizuri. Na karibu robo ya wagonjwa wote, 23.2%, walihusishwa na maji yasiyotosha ya mtandao.

Soma tena. Hawakusema watu wameugua kwa sababu hawanawi mikono, wimbo ambao tunaimbiwa kila mwaka. Walisema robine ilikauka, watu wakaenda ziwani na mtoni, hospitali ikajaa. Kukatika kwa maji siku ya jumatatu kuna uso wa mtoto kwenye kitanda cha kolera juma linalofuata.

Baada ya hapo Uvira ilipata kazi kubwa ya kuongeza matanki, tiyo na fontene za watu wote, kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa, Umoja wa Ulaya na Fondation Veolia, pamoja na REGIDESO. Hatuko hapa kuwasimanga waliofanya kazi. Swali letu linaangalia mbele: mtu anayetaka kuunganisha kartie mpya leo, atajuaje kama anapeleka maji kule au kama anayanyang'anya kwa wale waliokuwa nayo? Mtandao wa maji ni kama shuka fupi, ukivuta upande wa kichwa miguu inabaki nje. Fontene 20 mpya upande wa chini wa mji zinaweza kukausha robine 200 za upande wa juu, na siku ya kukata utepe hakuna kiongozi atakayeliona hilo. Katika modeli linaonekana kwa rangi, kabla hata ya kununua saruji.

Kuna jambo jingine ambalo macho hayalioni: klori. Shirika la Afya Duniani linataka maji yakifika kwa mtu yawe bado na angalau miligramu 0.2 za klori katika kila lita. Klori inakufa njiani, polepole ndani ya maji yenyewe na kwa haraka zaidi kwenye ukuta wa tiyo yenye kutu. Maji yaliyolala siku mbili mwishoni mwa tiyo hayana tena ulinzi. EPANET inafuata umri wa maji, saa kwa saa, na kuonyesha ni wapi klori imekwisha. Na tiyo ikiwa tupu ni hatari zaidi: badala ya kutoa maji nje kupitia matundu yake, inavuta ndani yale yaliyo nje. Kama nje ni kaniveo ya choo, basi saa nane ya usiku yale maji ya kwanza yenye rangi ya chai si ya kunywa, na mtu yeyote aliyekwisha kuona zile nywele za plastiki ndani ya kaniveo anajua kwa nini. Mama wengi wanayamwaga bila kufundishwa na mtu.

Hapa lakini lazima tuseme ukweli kuhusu programu hizi, maana tukizisifu tu tutakuwa kama wale wanaouza dawa sokoni. Zilitengenezwa na watu ambao robine zao hazikauki. Kwa miaka mingi EPANET ilichukulia kwamba kila mtu anapata kiasi anachohitaji, iwe presio ipo au haipo, na ukiiwekea mji wenye shida ilikuwa inatoa namba za ajabu, presio iliyo chini ya sifuri, huku ikikuambia watu wote wamechota. Toleo la 2.2, lililotoka mwaka 2020, ndilo lililoingiza hesabu inayokubali kwamba presio ikipungua watu wanapata kidogo, na ikiisha hawapati kitu. Kwa miji yetu toleo hilo ndilo la kutumia. Na kwa tiyo zinazojaa na kukauka kila siku, watafiti wengine wameamua kutumia programu ya maji ya mvua badala ya ile ya maji ya kunywa, kwa sababu yenyewe inajua tiyo tupu ni nini.

Halafu kuna suala la saa. Katika vitabu, watu wanachota sana asubuhi na jioni, na usiku wa manane wanalala. Mafundi wa Ulaya wanapima maji yanayoingia katika kartie saa tisa ya usiku, na kwa kuwa watu wamelala wanajua karibu yote yanayopita yanapotelea kwenye matundu. Njia nzuri. Lakini ilete Bukavu: saa tisa ya usiku ndiyo saa ambayo nusu ya kartie iko macho inajaza bidoni, pipa na sufuria. Enjenia mgeni atahesabu mama zetu wote kama matundu. Atasema mtandao unapoteza maji kupita kiasi, atapendekeza kubadilisha tiyo nzima, na mkopo utasainiwa kwa hesabu hiyo. Mtindo wa uchotaji wa mji wetu lazima uandikwe na watu wanaoishi hapa, wanaojua siku za umeme na siku za giza, siku za soko, na wakati wa kiangazi ambapo kila mtu anahifadhi. Hakuna faili la Paris au la Nairobi litakalotuletea hilo.

Kosa jingine ni la vimo. Vijana wetu wana simu, na wanaweza kuweka kila fontene na kila vane kwenye ramani kwa siku chache, kazi nzuri. Lakini simu ikikuonyesha kimo inaweza kukosea kwa mita nyingi, na mita 10 za kimo ni karibu bar 1 ya presio. Katika mji wa tambarare kosa hilo linavumilika. Bukavu, ambapo barabara moja inapanda kama ngazi, modeli yenye vimo vya simu itakuambia maji yanafika mahali ambapo hayajawahi kufika tangu tiyo iwekwe. Vimo vinapimwa na wapimaji wa ardhi kwa vifaa vyao. Wapo katika miji yetu, wanangoja kazi.

Tumezungumza juu ya maji ya kunywa. Kuna yale mengine, yanayotoka juu. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulitoka katika njia yake ukaingia Uvira. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilianguka, na mtandao wa maji ya kunywa wenyewe uliharibika, katika mji ule ule ambao tumetoka kueleza kinachofuata robine ikikauka. Mvua iliua usiku mmoja, kisha ikafungulia mlango ugonjwa.

Kwa maji ya mvua na ya uchafu programu ya bure ipo pia, inaitwa SWMM, ya shirika lile lile la Marekani, na toleo lake la kwanza ni la mwaka 1971. Inachukua mvua, inaitupa juu ya mabati, barabara na udongo, inahesabu ni kiasi gani kinazama na kiasi gani kinakimbia, kisha inakifuata ndani ya kaniveo mpaka mahali inapofurika. Hesabu ya kwanza unaweza kuifanya hata bila kompyuta: mvua ya milimita 20 juu ya hekta moja ya mabati na barabara ngumu ni lita 200,000. Ikinyesha kwa nusu saa, ni zaidi ya lita 110 kila sekunde zinazotafuta njia. Hekta moja tu. Sasa hesabu kilima kizima kilichokuwa na miti na leo kina mabati, halafu tazama kaniveo iliyo chini yake, ile iliyochimbwa kwa kilima chenye miti na ambayo nusu yake imejaa chupa na udongo.

Miji yetu mikubwa ya mashariki kwa sehemu kubwa haina tiyo za kupokea maji machafu ya nyumba. Tuna mashimo na vyoo, na mvua ikija vinafanya safari pamoja na maji ya kaniveo. Kwa hiyo mtu akichora kaniveo za mji wetu katika SWMM anachora pia njia ya kolera. Kazi ya kuzibua kaniveo, ile ya salongo ya jumamosi, ingejua pa kuanzia: si pale ambapo kiongozi anapita na gari, ila pale ambapo kuzibua mita 50 kunaokoa nyumba 100.

Tukubali kwamba wapo wanaoziweza programu hizi. Vyuo vyetu vikuu vinatoa maenjenia, na baadhi yao wamemaliza masomo yao kwa kuandika juu ya kipande cha mtandao wa kartie moja. Kazi hizo ziko wapi? Kwenye rafu, zimefungwa kwa utepe. Kampuni za ushauri zinazotumwa na wafadhili nazo mara nyingi zinatengeneza modeli, kwa sababu benki hazitoi fedha bila hesabu. Mradi unapokwisha, mji unabaki na ripoti ya kurasa nyingi, yenye picha nzuri za rangi, iliyochapishwa na kufungwa. Picha ya modeli si modeli. Huwezi kuiuliza kitu. Mwaka unaofuata kampuni nyingine inakuja, inalipwa upya kupima tiyo zile zile, na mzee wa maji anayejua vane zote anaitwa tena kuonyesha kwa kidole, apewe fedha ya usafiri na chakula cha mchana.

Huyo mzee tumtaje, kwa kuwa mji mzima unamtegemea na hakuna anayemwandika. Kila mji unaye. Anajua kwamba vane iliyo chini ya duka la fulani haifungi vizuri, kwamba tiyo ya karibu na kanisa si ya milimita 150 kama karatasi ya wakoloni inavyosema kwa sababu yeye mwenyewe aliibadilisha wakati wa vita kwa ile aliyoipata. Siku akistaafu, au siku tutakapomzika, mtandao wa mji utakuwa na upofu ambao hakuna mfadhili atakayeuponya. Modeli ya kwanza ya mji inapaswa kuanzia kwenye kichwa chake, kwa malipo ya haki, si soda.

Goma ilituonyesha bei ya upofu huo. Mji ule hauna mito, unakunywa ziwa Kivu, na maji lazima yasukumwe na pompi kutoka usawa wa mita 1,460 hivi hadi kartie za kaskazini zilizo juu ya mita 1,500. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, lava iliharibu tanki kubwa na tiyo za kaskazini, na watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji salama. Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipoingia mjini, umeme na maji vilikatika tena kwa siku kadhaa. Siku kama hizo swali ni moja: tanki hili limekufa, pompi ile haina umeme, je, kwa vilivyobaki tunaweza kulisha kartie zipi, kwa saa ngapi, na tufunge vane ipi? Mwenye modeli iliyotayarishwa mapema anajibu jioni ile ile. Asiye nayo anafungua na kufunga kwa kubahatisha huku watu wakishuka na bidoni ziwani.

Tunasikia pia wale wanaosema: tupeni maji kwanza, kompyuta baadaye. Tunawaelewa, nasi tuna bidoni nyumbani. Lakini tiyo ya milimita 100 iliyowekwa pale palipohitaji 150 itabaki ardhini miaka 40, na watu wa juu watakaa miaka 40 wakiambiwa wasubiri mradi mwingine. Na wanaosema shida ni umeme peke yake, wana haki nusu. Umeme ukikatika saa nane kwa siku, modeli ndiyo inayokuambia tanki lako liwe na ukubwa gani ili kartie ivuke saa hizo nane. Ukijenga tanki kwa makadirio ya macho, utajenga dogo na kulilaumu shirika la umeme, au kubwa lisilojaa kamwe ambamo klori inakufa.

Wengine wanaogopa kwamba katika nchi yenye vita, kuweka ramani ya maji wazi ni kumwonyesha adui pa kupiga. Hofu hiyo si ya kudharau. Hatuombi kila vane iwekwe kwenye intaneti. Tunaomba faili liwe katika mikono mitatu: ofisi ya REGIDESO ya mji, ofisi ya mji yenyewe, na chuo kikuu kimoja cha mahali. Mkono mmoja ukichomwa moto au ukikimbia, miwili inabaki. Kwa wakaaji, inatosha ramani ya jumla inayoonyesha kartie yao inapaswa kupata presio kiasi gani na kwa saa zipi, ili mtu anapolalamika asilalamike hewani.

Sheria haituzuii. Sheria ya maji namba 15/026 ya tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2015 imezipa jimbo na miji nafasi katika huduma ya maji. Bunge la jimbo linaweza kuweka sharti dogo katika kila mkataba wa kuchimba, awe mfadhili nani: malipo ya mwisho hayatoki mpaka faili la modeli, linalofunguka katika programu ya bure, limewekwa mezani na kijana wa hapa amelifungua na kuliendesha mbele ya watu. Si ripoti, faili. Na kila anayeongeza tiyo baadaye, hata kampuni ya mtu binafsi, hata ONG yenye nia njema, aandike upana, urefu na mahali katika faili hilo ndani ya mwezi mmoja. Modeli isiyoandikwa upya kila mwaka inazeeka haraka kuliko tiyo.

Tunajua pia pa kuanzia bila kungoja mkataba wowote. Manometa ya kufunga kwenye robine ni kifaa kidogo cha bei ndogo. Ofisi ya maji, shirika la raia na wanafunzi wakichukua robine 30 katika kartie mbalimbali, wapime presio kila saa kwa juma zima, usiku pia, na kuandika hata zile saa za sifuri, watakuwa na kipimo cha kulinganisha na kile kompyuta inachosema. Pale ambapo kompyuta inasema bar 2 na manometa inasema 0, ama kuna tundu, ama vane iliyosahaulika imefungwa, ama kuna mtu aliyejiunganishia. Hapo ndipo pa kuchimba kwanza.

Kwa wabunge wa majimbo yetu na kwa mameya, swali la gazeti hili linabaki moja, na tutalirudia katika kila habari ya mradi wa maji tutakayoiandika kuanzia leo: faili liko wapi, na tarehe yake ya mwisho kuandikwa ni ipi?